Juu ya Kabati

Mwelekezi Wairegi ameamka na kauli moja:
"Mpige kutoka juu. Awe mdogo. Awe na hatia."
Basi nimekwea kabati la Mama Kerubo, mtaani Umoja,
kati ya sufuria za sikukuu na sanduku la vyeti,
mgongo umebana dari, vumbi limenijaa puani,
na lenzi yangu inamtazama kijana
kama mwewe atazamavyo kifaranga.

Sinema yetu ni ya mvulana aliyekula karo ya muhula wa pili.
Amechaguliwa Momanyi, mwana wa humu humu ndani,
miaka kumi na mitano, viatu namba arobaini na nne,
kwa kuwa nyumba tumeikodi na yeye tulimkuta ndani yake.

Baba wa sinema, ndevu za kuchongwa,
ninampiga nikiwa nimelala sakafuni:
kidevu chake kigonge dari,
mkanda wake uwe mkubwa kuliko mlango.
Mama wa sinema, uso peke yake, karibu, karibu zaidi,
mpaka chozi lijae ukuta.
Mikono yake tumeiacha nje ya fremu.
Ilikuwa inachambua mchele,
na mtu anayechambua mchele, asema Wairegi,
halii vizuri.

Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi hii.
Najua kuvunja familia bila kumgusa mtu:
wakalishe wote kochini, chini ya saa ya ukutani,
kisha sogeza stendi shibiri moja kushoto.
Tazama, mtoto ametoka. Kimebaki kiwiko.
Watu watasema ukumbini: huyu amewatoroka wazazi.
Hajatoroka popote.
Ni mimi niliyesogea.

"Kata!" Wairegi anapaza sauti.
Mama Kerubo anachungulia kutoka jikoni, kisu mkononi:
"Nikate nini tena? Sukuma nimeshamaliza."

Saa saba na nusu umeme ukapotea, taa zetu zikafa.
Momanyi akaniomba kamera. Nikampa,
nikamwambia tu asiguse kioo kwa kidole.
Hakuniuliza habari za pembe.
Akaenda akasimama nyuma ya mama yake,
pale alipozoea kusimama
akiomba chumvi, akiomba ruhusa, akiomba radhi,
akapiga alichokiona.

Usiku nikatazama.

Utosi.
Utosi wa mwanamke kutoka juu,
mistari ya nywele iliyosukwa Jumamosi na kuanza kulegea,
mvi tatu, nne, alizodhani zimefichwa na kitambaa,
kovu la moto karibu na sikio,
na chini kabisa mikono, mikono yote miwili,
ikisonga ugali, mvuke ukipanda hadi kwenye lenzi.
Anasema bila kugeuka:
"Sogea, unanizibia mwanga."
Naye hasogei.

Ni pembe ile ile. Ya mwewe. Ya juu ya kabati.
Nilifundishwa kwamba ukimpiga mtu kutoka juu unampunguza.
Hakuna aliyenifundisha habari za mtoto
ambaye mwaka huu, kati ya Krismasi na Pasaka,
amempita mama yake kwa kichwa kizima
na bado hajui auweke wapi urefu huo.

Nilimwonyesha Wairegi. "Inatikisika," akasema,
"haina kazi kwetu." Kweli, inatikisika.
Ukisikiliza vizuri utasikia ni pumzi.
Sikuifuta.

Kesho tuna onyesho la hukumu.
Nitakwea tena kabati, ndiyo unga wangu.
Ila nimeazima kigoda cha jikoni,
nimekiweka tayari chini, karibu na alama
ya utepe mwekundu anaposimama kijana.
Wairegi akiuliza ni cha nini,
nitamwambia: cha kushukia.